Macho Yasiyolalamika: Miaka Yangu Katika Chumba cha Macho

Siku yangu ya kwanza kazini nilipiga teke ndoo ya maji ya dawa mbele ya Metroni, na aliyenisababishia ni bosi wangu mwenyewe.

Nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi, sare imepigwa pasi mpaka inakaribia kusimama yenyewe, mkononi nina barua ya kupangiwa kazi Mbinga. Nilitarajia wodi ya wazazi, kwa kuwa huko ndiko kila mmoja wetu alikotaka kwenda. Metroni alisoma barua, akanitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Leokadia, wewe utakwenda chumba cha macho," akasema. "Kuna Daktari Msaidizi wa Macho kule, anagombana na kila muuguzi ninayempelekea. Naona wewe una mdomo. Mtawezana."

Daktari Msaidizi wa Macho, kwa vijana msiojua, alikuwa tabibu aliyerudi shule kusomea macho peke yake. Enzi hizo Nyasa haijawa wilaya, kwa hiyo huyo mmoja alihudumia watu wote kuanzia milima ya Umatengo hadi ufukweni mwa ziwa. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye sauti ya msoma masomo kanisani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua kichwa. Kisha akachukua karatasi mbili, akazikunja zikawa mirija miwili, akanifungia machoni kwa bandeji. Nikadhani mtu huyu ana wazimu na Metroni amenificha.

"Soma chati," akaniambia.

Chati ya E ni ubao wenye herufi E za ukubwa mbalimbali, nyingine zimelala, nyingine zimegeuka. Mgonjwa anaonyesha kwa vidole miguu ya E inaelekea wapi, hivyo hata asiyewahi kukanyaga shule anapimika. Nikaisoma yote kupitia ile mirija, mpaka mstari wa mwisho wenye herufi kama sisimizi.

"Macho yako mazima?"

"Mazima kabisa, Daktari."

"Haya, beba sinia hili upeleke wodi ya wanaume."

Hatua ya nne nikakutana na ndoo. Maji yakatapakaa korido nzima, Metroni akaruka pembeni huku akiita watakatifu. Daktari akatoka nje ya mlango wake. Hakucheka. "Mistari yote umeiona, ndoo hukuiona," akasema. "Chati inapima katikati, binti. Pembeni nani kakupimia?"

Nilipiga deki huku nikimlaani kimoyomoyo. Lakini nilikuwa nimeshaanza kumpenda, kwa sababu katika miaka mitatu ya chuo hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha kitu ambacho mwili wangu mzima ulikielewa kabla ya kichwa.

Ugonjwa aliokuwa ananionyesha unaitwa glakoma. Wagonjwa wetu waliuita presha ya macho, na jina hilo lilitutesa sana. Ukimwambia mtu ana presha ya macho, anakuomba vidonge vya presha ya moyo, au anaacha chumvi wiki mbili na kujihesabu amepona. Daktari alikuwa na njia yake ya kulieleza jambo. Ndani ya jicho, alisema, mna maji yasiyo machozi, yanayotengenezwa na kutoka kila siku. Njia ya kutokea ikiziba kidogo kidogo, maji yanasukuma, na anayeumia ni neva ya jicho, ule mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo.

Neva hiyo ina nyuzi nyingi mno, nyembamba kuliko unywele. Katika droo yake Daktari aliweka waya wa breki ya baiskeli ambao nusu ya nyuzi zake zilikuwa zimekatika. Kila muuguzi mpya alikabidhiwa aushike. "Huu niliutoa kwenye baiskeli yangu mwenyewe," aliniambia, "na breki ilikuwa bado inashika. Waya hauna mdomo wa kusema nimekatika. Unasema mara moja tu, ukiwa mteremkoni." Mtu yeyote aliyewahi kuendesha baiskeli Mbinga anajua mteremko ni nini, kwa hiyo somo lilieleweka.

Kisha akanifundisha kuchungulia. Ofthalmoskopi ni tochi ndogo yenye lenzi, unaisogeza karibu na jicho la mgonjwa mpaka pumzi zenu zinagongana, na kupitia mboni unaona nyuma kabisa ya jicho. Hapo neva inapoanzia pana duara la rangi ya waridi lenye kishimo katikati. Kishimo hicho tunakiita kikombe. Nyuzi zinavyokufa, kikombe kinapanuka na ukingo wa waridi unakonda. Ukingo unaweza kukonda vibaya na mwenye jicho bado anasoma Biblia bila miwani, kwa kuwa uono wa katikati ndio unaokufa mwisho. Na ubongo nao unasaidia kudanganya. Sehemu isiyoonekana haiwi giza, ubongo unaijaza kwa kubahatisha. Mtu haoni kwamba haoni.

Husemwa mwenye macho haambiwi tazama. Mimi kazi yangu ya miaka thelathini na kitu ilikuwa kuwaambia wenye macho watazame, na wengi waliniona mkorofi.

Baada ya miaka sita nikahamishiwa ziwani, kituo cha afya cha kwetu. Mimi ni mtoto wa ufukwe wa Nyasa, Mwanglikana wa kuzaliwa, na nilirudi huko kwa majivuno ya mtu aliyekwenda mjini akarudi na tochi. Nilipewa meza, chati, na kipima presha cha jicho cha kizamani, kile cha chuma chenye mshale wa kuonyesha namba na vipande vya uzito. Mgonjwa analala chali, unamtia matone ya ganzi, unakisimamisha kile chuma juu ya jicho lenyewe. Wavuvi wanaovuka ziwa kwa mtumbwi na mawimbi yakiwa kama nyumba waliniangalia na chuma changu mkononi, wakakumbuka ghafla kwamba wameacha dagaa wao wa usipa juani.

Huko ndiko nilikojifunza kwamba hata presha si ugonjwa wenyewe. Alikuja mvuvi mmoja ambaye wenzake walimkataa mtumbwini kwa kuwa alikuwa anapitiliza maboya ya nyavu zao. Nilimpima presha, ikawa ya kawaida. Mganga Mfawidhi, ndiye mkuu wa kituo, alikuwa mtu mwema mwenye haraka. "Sista, presha iko sawa, chati kasoma yote. Mwandike mzima," akasema. Nikachungulia. Kikombe kilikuwa kimekula karibu ukingo wote wa chini. Wapo watu, nikaja kusoma baadaye, ambao neva yao inakufa kwa presha ambayo kwa jirani ni ya kawaida, na wapo wenye presha ya juu miaka mingi na neva haitikisiki. Ndiyo maana Daktari alikuwa akisema namba ni shahidi tu, hakimu ni neva. Mganga Mfawidhi alikubali yaishe, nikampeleka yule mvuvi Mbinga na akaanzishiwa matone. Nilijipongeza sana. Nilijiona nimefika.

Basi niwaambieni nilivyoanguka.

Nilirudishwa Mbinga kwa Daktari yule yule, safari hii nikiwa muuguzi wa macho mwenye cheti. Tukaanza huduma ya mkoba, yaani kuwafuata wagonjwa vijijini kwa gari la hospitali badala ya kuwangoja. Tulizunguka Litumbandyosi, tukashuka Kingerikiti, tukapanda Mbuji. Kazi kubwa ilikuwa kuwatafuta wenye mtoto wa jicho, ule ukungu mweupe wa lenzi ya ndani ya jicho unaoondolewa kwa operesheni. Siku hizo tulikuwa tunangoja mpaka mtoto wa jicho akomae ndipo apasuliwe. Na mimi, fundi wa maneno, nikabuni njia ya kuwaeleza Wamatengo. "Mtoto wa jicho ni kama kahawa," niliwaambia. "Ikiwa ya kijani, huichumi. Unasubiri iwe nyekundu. Ukiona bado unaona kidogo, subiri. Ikiiva, njoo." Walicheka, wakapiga makofi, wakarudia kwa jirani zao. Hakuna mkulima wa Mbinga anayehitaji kuambiwa mara mbili kwamba kahawa mbichi haichumwi. Sijawahi kutoa somo lililoshika vizuri kama hilo, na sijawahi kutoa lililodhuru kama hilo.

Mbuji, siku moja ya masika, foleni ilikuwa ndefu na dereva alikuwa anaangalia mawingu, kwa sababu mvua ikinyesha ule udongo mwekundu hautoi gari. Akaja mama mmoja, mrefu, amefunga khanga kiunoni kama mtu aliyeacha jembe dakika hii. Alinizidi umri kama miaka kumi. Nikamwamkia, akaitika vizuri. Jina lake Mama Adelgunda. Alilalamikia jicho la kushoto, lina ukungu. Nikamulika kwa tochi, nikaona lenzi imeanza weupe. Jicho la kulia lilisoma chati hadi mwisho.

"Halafu Sista," akasema, "siku hizi naanguka kwenye ngolo. Mimi! Majirani wanasema nimeanza kunywa."

Ngolo ni yale mashimo tunayolimia milimani, yamepangana kama sega la nyuki, na katikati ya mashimo ni matuta membamba unayopita. Mwanamke wa Kimatengo anatembea juu ya matuta hayo tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Akianguka humo, kuna jambo. Mimi nilicheka naye. Ofthalmoskopi ilikuwa kwenye begi, begi lilikuwa garini. Nikamwambia, "Ni mtoto wa jicho, Mama, bado mchanga. Subiri iive."

Alitii. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba alitii kweli kweli. Alisubiri misimu mitatu ya kahawa.

Alipokuja Mbinga mwenyewe, alikuwa mchangamfu. Akaketi kwenye kiti, akainua uso. "Sista, sasa imeiva," akasema.

Na kweli lenzi ya kushoto ilikuwa nyeupe pe. Lakini mtoto wa jicho, hata akomae namna gani, hazimi mwanga. Mgonjwa lazima aone tochi inatokea upande gani, ndipo unajua neva nyuma yake iko hai. Nikazima taa ya chumba, nikaziba jicho la kulia, nikamulika la kushoto kutoka juu.

"Mwanga unatoka wapi, Mama?"

Alingoja. "Umeshawasha?" akauliza.

Nikamulika kutoka chini, kutoka pembeni, kutoka mbele kabisa. Yeye aliendelea kungoja kwa subira, kama mtu anayengoja nimalize kutengeneza tochi yangu. Nikafungua jicho la kulia, nikamtia matone ya kupanua mboni, na safari hii nikachungulia. Kikombe kilikuwa kimepanuka hadi pembeni, umebaki ukingo mwembamba wa waridi upande mmoja. Jicho hilo hilo dakika chache kabla lilikuwa limesoma mstari wa mwisho wa chati.

Nilikwenda kwa Daktari nikamweleza, nikisema "aliambiwa asubiri", kama vile aliambiwa na upepo. Akanikatiza.

"Nani alimwambia?"

"Mimi."

"Ulichungulia?"

"Hapana."

Nilidhani atanifukuza. Alifuta miwani yake, akasema, "Maji yamemwagika, hayazoleki. Lile la kushoto limekwenda. Sasa kuna la kulia, na la kulia haliwezi kutunzwa na mama asiyejua ukweli. Nenda kamwambie. Na usimwambie kwa Kilatini." Kisha akainuka, akaja kusimama mlangoni wakati ninamwambia. Wakubwa wengi niliofanya nao kazi baadaye walikuwa na elimu kumzidi, lakini sijaona mwingine aliyejua kumsimamia mtu wake namna ile, bila kumpunguzia kosa hata chembe.

Nikapiga magoti mbele ya kiti cha Mama Adelgunda. Nikasema, "Mama, nilikosea mimi. Jicho lako lilikuwa na magonjwa mawili. Nilitazama ule wa mbele nikaacha wa nyuma. Ule wa nyuma umeua neva. Hata tukiondoa ukungu, jicho la kushoto halitaona. Na la kulia nalo limeshaguswa."

"Hili la kulia? Si nimesoma yote?"

"Umesoma katikati, Mama. Pembeni kumeshakwisha. Ndiyo maana unaanguka kwenye ngolo."

Aligeuza uso dirishani. Machozi yalitoka macho yote mawili sawasawa, kwa kuwa machozi hayana habari na neva. Baadaye akauliza, "Siku ile ungeangalia ndani, ungeona?"

"Ningeona."

"Na lingepona?"

"Halingepona. Lakini kile lilichokuwa nacho siku ile, huenda tungekitunza."

Alifikiri. Nilikuwa tayari kwa tusi, na nililistahili. "Basi," akasema, "kuanzia leo utaniangalia wewe. Asiniangalie mwingine. Aliyekwisha kuvunja chungu ndiye anayejua kukishika."

Hivyo ndivyo lilivyoanza jambo ambalo, nikitazama nyuma, ndilo kazi yangu hasa. Vyeo vilikuja, semina zilikuja, lakini mimi nilikuwa mtu wa jicho la kulia la Mama Adelgunda. Likizimika, nimemzima mwanamke mzima.

Matone ya glakoma ni mtihani wa imani. Unatia asubuhi na jioni, siku zote za maisha, kwenye jicho ambalo haliumi, na huoni nafuu yoyote, maana kazi ya dawa si kurudisha bali ni kuzuia kisipotee kingine. Wengi huacha. Nilimfundisha kuvuta kope la chini, kudondosha tone moja, kisha kubonyeza kona ya jicho karibu na pua ili dawa isikimbilie kooni. Nilimuuliza kama ana pumu, kwa kuwa dawa ile haipatani na pumu. Hakuwa nayo. Tatizo lilikuwa saa. Nyumbani kwake hakukuwa na saa. Akasema mwenyewe, "Parokia inapiga kengele ya Malaika wa Bwana asubuhi na jioni. Kengele ikilia, nasali, natia." Nikaona hakuna saa bora kuliko hiyo.

Mwaka mzima presha ilishuka, ikakaa. Halafu wiki ya Pasaka akaja, nikapima, imepanda. Nikapima tena, imepanda.

"Mama, matone unatia?"

"Kila kengele, Sista."

"Hukuruka hata siku moja?"

"Kila kengele."

Nilikuna kichwa. Ndipo nikauliza, "Ijumaa Kuu?"

Akanijibu kwa upole, kama mtu anayemfundisha Mwanglikana, na kweli mimi ndiye. "Sista, kuanzia Alhamisi Kuu kengele hazilii. Zinanyamaza mpaka wimbo wa Gloria katika mkesha wa Pasaka."

Daktari, ambaye hakuwahi kucheka mbele ya mgonjwa, alitoka nje. Tulimsikia koridoni. Tangu mwaka huo, kila Kwaresima nilimwandikia Padre wa parokia barua fupi kumwomba awatangazie wenye matone kwamba dawa haifungi kwa Juma Kuu. Alitangaza bila kukosa, na watu wa Mbuji waliniheshimu kwa hilo kuliko kwa cheti changu.

Wakati huo Mama Adelgunda alijifunza upya kutembea shambani. Nilimfuata mara moja nikamwona. Aligeuza kichwa kulia, kushoto, chini, kama kuku anayesikiliza, akagusa kingo za shimo kwa mpini wa jembe, akapita. Alilima ngolo zake kwa kipande cha uono ambacho mwingine angekalia kitini na kulia. Majirani wale wale waliosema amekunywa walikuwa wakipita nyuma yake wakimfuata hatua.

Lakini mwaka wa nne, presha ilianza kupanda hata na matone ya aina mbili. Nilimpima uwanja wa kuona kwa vidole, njia ya watu wasio na mashine. Mnaketi ana kwa ana, magoti yanakaribia kugusana, anakutazama puani, nawe unaleta kidole polepole kutoka pembeni mpaka aseme "naona". Kidole changu kilikuwa kinachelewa kuonekana. Kila miezi michache kilichelewa zaidi kidogo.

"Matone yamefika mwisho," Daktari akasema. Lililobaki lilikuwa operesheni ya kufungua kidirisha kidogo sehemu ya juu ya jicho, chini ya kope, ili maji yapate pa kutokea. Ingefanywa na Daktari Bingwa wa Macho aliyekuwa akitutembelea kutoka hospitali ya rufaa. Yeye alizungumza wazi. Jicho ni moja, neva imebaki kidogo, na wakati mwingine neva iliyochoka namna ile huzimika kwa operesheni yenyewe. Bila operesheni itazimika polepole. "Aamue mwenye jicho," akasema.

Mama Adelgunda alinishika mkono. "Wewe ungefanyaje?"

Sikutaka kujibu. Nilikuwa nimeshamshauri mara moja katika maisha yake, na mlishaona matokeo. Lakini alikuwa hauachi mkono, na nikaona kumnyima jibu ni kumwacha peke yake tena. "Ningekubali, Mama," nikasema. "Na ningeogopa."

"Basi tuogope wote," akasema, akavua rozari shingoni akanikabidhi nimshikie.

Operesheni ilichukua muda kupita kawaida. Nilikuwa msaidizi chumbani, nikikabidhi vifaa. Kesho yake asubuhi Daktari Bingwa akaniambia nifungue bandeji mimi. Nikafungua. Jicho lilikuwa jekundu, linatoa maji, limevimba. Nikainua vidole mbele yake.

"Vitatu," akasema. Kisha akanitazama vizuri. "Sista, umelala na sare?"

Nilikuwa nimelala na sare, kwenye benchi. Nililia kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana, mbele ya Daktari Bingwa na wanafunzi wake, na sioni haya kuandika hivyo.

Tangu siku hiyo presha ilikaa chini. Daktari Msaidizi alistaafu, akanikabidhi droo na waya wake wa breki, nikawa Mratibu wa Macho wa Wilaya. Vyumba vya macho vilipata mashine za kupima uwanja wa kuona kwa vitone vya mwanga na kamera za kupiga picha neva. Nilizipenda, wivu wangu ulikuwa mdogo tu. Mtoto wa jicho naye siku hizi hasubiriwi kuiva, nami nilizunguka vijiji vyote nilivyohubiri habari ya kahawa nikijikanusha hadharani. Baadhi ya wazee walinibishia kwa maneno yangu mwenyewe. Mficha uchi hazai, nikawaambia, nilikosea, njooni sasa. Kila aliye na ndugu mwenye glakoma nilimwambia kwamba ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo, watoto na ndugu wa tumbo moja wapimwe hata kama hawana shida. Wachache walikuja. Nani anayekwenda hospitali kwa ajili ya jicho linaloona?

Siku ya kuniaga walikusanyika ukumbini. Mganga Mkuu wa Wilaya alikuwepo, mtu mgeni kwetu, aliyehamia mwaka ule. Alisoma sifa zangu kwenye karatasi mpaka nikaanza kujiuliza anamsema nani. Mshereheshaji akauliza kama kuna mgonjwa wa zamani angependa kusema neno.

Mama Adelgunda akasimama. Alikuwa na umri wa miaka sabini na kitu, kitenge kipya, kichwa akikigeuza huku na huku kupata njia. Akakataa kipaza sauti.

"Huyu," akasema akininyooshea mkono, "ndiye aliyenipotezea jicho la kushoto."

Mganga Mkuu akaweka glasi chini. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Alinieleza mwenyewe, amepiga magoti. Hili la kulia ameniwekea tangu siku hiyo. Miaka yote hii nimeona wajukuu wakizaliwa, nimelima, nimezika, nimeona. Nimekuja kumtazama kwa hili alilonitunzia." Akanitazama. Aliusogeza uso wake kidogo kidogo mpaka akanipata katika kile kipande chake cha uono, akaniweka hapo, akatabasamu. "Umezeeka, Sista," akasema, na watu wakapasuka kucheka na kulia.

Kisha akageuka mlangoni, akaita. Wakaingia watu watano, watu wazima, vumbi la Mbuji miguuni. "Hawa ni wanangu. Umenisumbua miaka yote niwalete. Wapime kabla hujaondoka."

Mshereheshaji alisema chakula kinapoa. Nikamwambia kipoe. Nikavaa koti jeupe juu ya gauni la sherehe, nikawapeleka chumba cha macho, mama yao akaketi kwenye benchi kando ya mlango. Nilichungulia macho kumi. Wa kwanza, ukingo wa waridi mzima. Wa pili, mzima. Wa tatu na wa nne, wazima. Wa tano alikuwa Bertha, kitindamimba, mwalimu wa shule ya msingi, aliyesoma chati yote haraka huku akiangalia saa yake. Macho yake yote mawili yalikuwa na vikombe vilivyoanza kupanuka. Vilikuwa vimeanza tu. Uwanja wake wa kuona ulikuwa bado kamili, hajapoteza kitu.

Nikamwambia ataanza matone jioni ile ile, na muuguzi aliyenipokea kiti atamtazama kila baada ya miezi michache, maisha yake yote.

Bertha akamgeukia mama yake, amekasirika kidogo, amechanganyikiwa. "Lakini mama, mimi mbona naona vizuri!"

"Ndiyo, mwanangu," Mama Adelgunda akasema. "Ndiyo maana tumekuja leo."